Sikio la Fundi wa Nozeli

Kwanza fundi huiosha kwa dizeli safi nozeli, kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya injini. Kisha huushika mwili wake wima, akaivuta sindano nje kiasi cha theluthi, akaiachia. Ikishuka yenyewe kwa uzito wake mpaka ikakaa kitini, bila kusukumwa, nozeli ingali na uhai. Ikisita njiani, kuna utando wa mafuta yaliyoungua. Ikiporomoka, imelika. Fundi makini huizungusha kidogo na kurudia, maana sindano inayopita vizuri upande mmoja yaweza kukwama upande mwingine.

Katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, ambako malori yaliyotoka Mombasa husubiri kuvuka kwenda Kampala, Kigali na Juba, jaribio hilo dogo limetenganisha safari na mkwamo kwa miaka mingi. Dereva huja na malalamiko ya kawaida: lori linatoa moshi mweusi mlimani, linakula mafuta, asubuhi haliwaki. Mwenye haraka hukimbilia kulaumu pampu. Fundi wa nozeli husikiliza injini kwanza.

Uzuri wa kifaa chenyewe ni kwamba hakuna anayeiamuru sindano ifunguke. Springi imeikandamiza kitini. Pampu inapoleta dizeli, shinikizo hupanda na kulisukuma bega la sindano, huku ncha ikiwa bado imejificha ndani ya kiti. Shinikizo hilo linapoishinda springi, sindano hunyanyuka. Kwenye injini nyingi zenye chumba cha awali ni baa 120 hivi, na kwenye zile zinazopuliza moja kwa moja juu ya pistoni ni baa 200 na zaidi. Papo hapo ncha nayo inaanza kusukumwa, nguvu inaongezeka ghafla, na sindano inaruka. Hufunguka kwa mruko, hufunga kwa kishindo, wala haiachi tone likining'inia. Tone hilo moja, likiachwa lidondoke ndani ya silinda siku baada ya siku, ndilo linalozaa masizi, moshi, na mwishowe pistoni iliyotoboka.

Kati ya sindano na mwili wake pana nafasi ya sehemu 2 hadi 4 za elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara kumi. Hakuna mpira wala gasketi hapo: chuma huziba chuma, na dizeli kidogo inayopenya katikati ndiyo inayovilainisha, kisha hurudi tangini kwa kibomba chake. Mkato wa ncha na mkato wa kiti navyo havilingani kabisa. Vimetofautishwa kwa makusudi, kwa digrii moja au pungufu, ili vigusane kwenye mstari mwembamba tu, maana mstari huziba kuliko uso mpana. Kwa sababu hiyo sindano na mwili wake huoanishwa kiwandani, na kuitia sindano ya nozeli hii katika mwili wa ile lilikuwa kosa zito kwenye karakana yoyote ya heshima.

Rudolf Diesel mwenyewe, mbunifu wa injini ya dizeli, hakuwa na kifaa hiki. Injini yake iliyofaulu kule Augsburg mwaka 1897 ilipuliza mafuta kwa hewa iliyogandamizwa, na kompresa ya kazi hiyo ilikuwa kubwa mno kupandishwa kwenye lori. Wengine walihangaika baada yake kuiepuka kompresa hiyo, miongoni mwao Prosper L'Orange, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Benz huko Mannheim na kupata hataza ya chumba cha awali mwaka 1909. Robert Bosch aliingia katika kazi ya pampu za dizeli mwaka 1922, na kufikia 1927 zilikuwa zikitengenezwa kwa wingi. Dizeli ikashuka kutoka kwenye meli na mitambo mikubwa, ikaingia barabarani na vijijini.

Vijijini ilifika kwa sauti. Injini ya Lister ya Dursley, Uingereza, yenye nguvu za farasi 5 kwa mizunguko 600 kwa dakika, pamoja na nakala zake zilizokuja kutengenezwa kule Rajkot, India, ndiyo iliyozungusha vinu vingi vya posho Afrika Mashariki. Mlio wake wa taratibu, pigo moja moja, ulimjulisha mama aliye mbali kwamba mahindi yanasagwa leo. Nozeli ikianza kudondosha, pigo hugeuka; huwa na mgongano mkali, na moshi hufuata. Mwenye kinu hakuhitaji kuambiwa.

Sikio hilo hilo hufanya kazi mezani. Nozeli hufungwa kwenye pampu ya mkono yenye saa ya presha, fundi akasukuma wenzo taratibu, nayo ikalia. Nzima hukoroma kwa mtetemo mkavu na kutoa ukungu uliosambaa sawasawa. Mbovu hutema uzi wa mafuta. Baada ya hapo presha hushushwa kidogo chini ya ile ya kufungukia na kushikiliwa sekunde 10, ncha ikibaki kavu. Mkono haupitishwi mbele ya ukungu ule kamwe, kwani hupenya ngozi na kuingia mwilini.

Ardhi hii ya Busia inajua chuma tangu zamani. Huku ndiko kwa Wasamia, ambao nchi yao ilikatwa na mpaka. Waliyeyusha mawe ya vilima vyao, na majembe yao yakasafiri mbali kuzunguka Ziwa Viktoria, yakatumika hata kulipa mahari. Mhunzi aliusoma moto kwa rangi. Majembe ya viwandani ya Ulaya yalipoingia kwa bei rahisi, tanuri zilizimika, na jicho lile la kusoma moto likazikwa na wenyewe.

Sasa ni zamu ya sikio. Denso ya Japani ilitia mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la shinikizo kwa injekta zote, kwenye lori mwaka 1995, na mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ikatoka na ule wa Bosch wenye baa 1,350. Leo baa zinapita 2,000. Kompyuta ndiyo inayoamuru injekta ifunguke, mara kadhaa katika pigo moja, na injini imekuwa tulivu na safi zaidi. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini injekta nyingi za aina hiyo huja kila moja na namba yake ya kuingizwa kwenye kompyuta, na karakana isiyo na mashine ya gharama hubaki kuitoa na kununua nyingine.

Kinachouma zaidi ni uzembe, ambao haukuletwa na kompyuta yoyote. Mafuta ya taa huchanganywa kwenye dizeli kwa tamaa ya shilingi chache, mpaka Kenya ikalazimika mwaka 2018 kuyatoza shilingi 18 kwa lita ili kuua biashara hiyo. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na sindano haina kilainishi kingine. Maji na vumbi la dumu lisilooshwa humalizia yaliyobaki. Nozeli iliyotengenezwa ifunguliwe, ioshwe, isagwe na kurekebishwa tena na tena hutupwa kabla haijalia hata mara moja mezani. Na pale inapofunguliwa, utakuta sindano sita za lori moja zimelala pamoja kwenye beseni, kila moja ikiwa imeshapoteza mwili wake, na kijana aliyezitia humo hakuwahi kuambiwa kwamba kila moja ilikuwa na mwenzake.