Zilipendwa: Neno na Hukumu Yake

Nyimbo za dansi zilizopigwa Tanzania tangu siku za kupigania uhuru hata miaka ya 1980 zimepewa jina moja, nalo ni zilipendwa. Nchini Kenya nyimbo za namna hiyo huitwa zilizopendwa. Tofauti ni silabi moja tu, lakini kwa mtu wa lugha si ndogo. Zilizopendwa lina kirejeshi, nalo huegemea nomino iliyofichwa: ni nyimbo ambazo watu walizipenda. Zilipendwa ni sentensi kamili iliyogeuzwa jina, na kwa hiyo ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Majina yote mawili yanamficha mpenzi, na yote mawili yanayaweka mapenzi katika wakati uliopita.

Hapo ndipo kasoro ilipo. Mtu afunguaye redio asikilize Morogoro Jazz anazipenda nyimbo hizo sasa hivi, wala hakuacha kuzipenda. Kilichopita si mapenzi. Kilichopita ni utoto wake. Neno limechukua wakati wa msikilizaji likautwika wimbo.

Twaa wimbo uitwao Shida, wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Januari 1979. Jina lenyewe ni onyo. Lakini mtoto aliyeusikia nyumbani kwao aliucheza. Gitaa lilimfikia kabla ya maneno. Akiisha kuwa mtu mzima, mwenye shida zake, ana masikio mengine. Akiurudia kwa ajili ya ule uwanja, ile redio na wale jamaa waliokwisha kufa, amejikumbuka nafsi yake, na mtunzi bado hajasikilizwa. Wimbo wa namna hiyo umependwa mno, ukasomwa kidogo.

Dhuluma ya pili huwapata vijana. Husemwa kwamba Bongo Fleva imeiga ugeni, na kwamba muziki wa kale ulikuwa wetu halisi. Majina ya bendi hizo yanatoa ushahidi mwingine. Cuban Marimba, bendi ya Morogoro aliyoiongoza Salum Abdallah mpaka kifo chake mwaka 1965, ilijiita kwa jina la Cuba. Tabora Jazz na Western Jazz zilichukua neno lao Marekani. Mafundi hao walikiazima kilichotoka mbali, wakakitia Kiswahili kikakaa. Urithi wa leo ulikuwa ugeni wa jana, na waliozaliwa juzi wanastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho: wameazima nini, na wamekifanyia nini katika lugha?

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mpenzi wa zilipendwa amekwepa kosa hilo akaangukia la upande wa pili, kwani kwake cha kale ni kinyemi hata kabla hakijachunguzwa. Dawa si kuacha kupenda. Nyingi za nyimbo hizi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa katika kanda. Maneno yake yafaa kuandikwa, kulinganishwa na kufasiriwa kama yalivyofanyiwa mashairi ya tenzi. Wanaoyajua kwa moyo ni wale waliokuwa watoto siku zile, nao wanazeeka. Wasipoulizwa mapema, itabaki sauti inayopendwa, na maana yake haina wa kuieleza.