Pembe na Nyuzi: Mvuto wa Piano Kubwa Mbele ya Zaburi na Amosi

Katika mazungumzo yetu juu ya muziki wa ibada, swali la piano hujibiwa kwa haraka. Wapo wasemao kwamba piano ni anasa ya Ulaya isiyotuhusu. Wapo wasemao kwamba kinanda cha umeme kimekwisha kuchukua nafasi yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza limesahau historia yetu, na la pili haliijui piano.

Tuanze na hilo la pili. Mwandishi wa makala haya alijifunza kupiga nyimbo za ibada kwa kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Baadaye, akiwa masomoni ng'ambo, aliruhusiwa kuketi kwa saa moja mbele ya Steinway Modeli D, piano ya jukwaani yenye urefu wa sentimita 274, uzito wa kilo zipatazo 480 na vibonyezo 88. Alitazamia kushindwa na ukubwa wa sauti. Kumbe alishindwa na udogo wake. Kidole kikishuka taratibu, nyundo iliyovikwa sufu huugusa uzi kwa upole, na sauti huzaliwa kana kwamba haikuanzishwa na mtu. Ndilo jambo alilolitafuta Bartolomeo Cristofori huko Florence karibu na mwaka 1700: chombo cha vibonyezo kiwezacho kunong'ona na kunguruma kwa amri ya kidole. Mwaka 1821 Sébastien Érard alitengeneza mtambo unaowezesha sauti kurudiwa kabla kibonyezo hakijapanda chote. Kwa hiyo mpigaji wa wimbo wa sauti nne aweza kuiinua sauti ya tatu peke yake pasipo kuzinyamazisha nyingine. Kila kidole huwajibika. Vinanda vingi vya bei nafuu katika sharika zetu hapa Nyamagana havidai uwajibikaji huo, na sikio la mpigaji hulala.

Basi furaha hiyo si dhambi. Mwaka 1538, katika dibaji ya kitabu cha nyimbo cha Georg Rhau, Luther mwenyewe aliusifu muziki kuwa kipawa cha Mungu. Lakini hatuna budi kuuliza: vidole viligusa nini?

Katika karne ya 19 vibonyezo vya piano nzuri vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Pembe hunyonya jasho, na kidole hakitelezi. Nayo pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake. Ilitoka bara, ikapita Tabora hadi Bagamoyo na Zanzibar, kisha ikavuka bahari hadi viwanda vya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, Marekani. Speke alipoliona Ziwa hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alikuwa ametokea Tabora, kituo kikuu cha misafara hiyo. Si haki kusema kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Wanyamwezi na Wasukuma wengi walibeba kwa ujira, nao walijivunia kazi yao. Hata hivyo biashara ile ile ilikwenda pamoja na utekaji wa watu na uchomaji wa vijiji, hasa magharibi ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo piano si ngeni kwetu. Mabega ya babu zetu yamo ndani yake.

Biashara ya pembe kati ya mataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoupendekeza, na piano mpya hufunikwa kwa plastiki. Lakini swali la kiroho limebaki, kwa kuwa piano kubwa ya namna hii huuzwa kwa zaidi ya dola 150,000.

Maandiko yanazo pembe na nyuzi mahali pawili. Katika Zaburi 45:8 vinanda vya nyuzi humfurahisha mfalme kutoka majumba ya pembe, wala hakemewi. Katika Amosi 6:4-6 wenye vitanda vya pembe hubuni muziki kama Daudi, nao wanahukumiwa. Pembe ni ile ile, nyuzi ni zile zile. Tofauti yatajwa na nabii mwenyewe: hawa hawakuhuzunika kwa ajili ya maangamizi ya Yusufu. Hawakuhukumiwa kwa kuwa walipiga vizuri, bali kwa kuwa masikio yao yalisikia muziki tu.

Kwa hiyo tusimfundishe mwanafunzi kuidharau piano kubwa, wala kuisujudia. Akipata nafasi, na aketi, apige, na afurahi. Arudipo usharikani na kinanda chake kidogo, aje na kile alichofundishwa na chombo kile, yaani kusikia sauti iliyo ndogo kuliko zote. Mchungaji anayeweza kuisikia sauti ya tatu chini ya sauti ya kwanza amekwisha kuanza kujizoeza kumsikia mjane aliyeketi benchi la nyuma.