Fuvu la Kalenga na Ndimi Zetu

Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule ambao Ujerumani iliutia saini baada ya kushindwa vita, kimo kifungu cha 246 ambacho wengi wetu hatukupata kukisikia. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani irudishe vitu viwili. Cha kwanza ni Msahafu wa Sayyidna Uthman (r.a.), uliochukuliwa Madina na wakubwa wa Kituruki na, kama yasemavyo maneno ya mkataba, ukatunukiwa Kaisari Wilhelm wa Pili. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa wa Wahehe. Msahafu na kichwa cha mwanadamu vimeandikwa katika kifungu kimoja, mfano wa mizigo miwili iliyopotea bandarini!

Fuvu hilo leo limo ndani ya sanduku la kioo katika makumbusho ya Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Nataka niyahakiki makumbusho yale kama mtu ahakikivyo kitabu, kwani nayo ni kitabu, na watoto wa skuli hupelekwa kukisoma.

Kisa chenyewe ni mashuhuri. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Mwaka 1894 Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akatangaziwa thamani ya rupia 5,000 juu ya kichwa chake, na tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa, akajipiga risasi. (Kujiua dini yetu inakukataza, lakini hukumu yake iko kwa Mola wake, si kwangu.) Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa wakubwa wa Kijerumani. Wala tusisahau kwamba Merere wa Usangu, upande wa Mbeya, alisimama na Wajerumani kwa uadui wake na Wahehe. Kwa hiyo mambo haya hayakuwa ya weupe na weusi tu.

Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda Bremen kukitafuta kichwa hicho. Alikuta mafuvu yapatayo 2,000, na katika hayo 84 yalitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Alilijuaje la Mkwawa? Mafuvu yalipimwa urefu na upana, vipimo vikalinganishwa na vya jamaa zake walio hai, kisha likachaguliwa lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa pale Kalenga.

Sasa uhakiki wangu. Kuna watakaosema kuwa mfupa wa maiti hauwekwi kiooni, bali huzikwa, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Mimi naielemea rai hiyo, ingawa wenye neno la mwisho ni wenye maiti wao. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba fuvu lile linasimulia vita likaacha kusimulia rafu. Mtu aliyekwisha kufa ana haja gani ya kupimwa kichwa Ulaya? Na yale mengine 1,999 yalikuwa ya nani, na yalifanya nini Bremen?

Jawabu ni kwamba palikuwa na elimu nzima, yenye maprofesa na vyeo, iliyodai kuwa daraja ya mtu hujulikana kwa kupima fuvu lake. Maofisa na madaktari wa makoloni waliipelekea mifupa. Berlin peke yake ilikusanya mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda, na ni mwaka 2023 tu ndipo taasisi inayoyahifadhi ilipotangaza kuwa kwa uchunguzi wa DNA imepata jamaa walio hai nchini Tanzania. Mmoja wa wanavyuoni wa elimu hiyo, Eugen Fischer, mwaka 1908 alikwenda Namibia kuwapima watu wa Rehoboth. Mwaka 1927 akawa mkuu wa taasisi mpya ya Berlin iliyoitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm. Ni taasisi hiyo hiyo ambayo, wakati wa vita vya pili, daktari Mengele aliipelekea viungo vya watu waliouawa Auschwitz. Rafu ni ile ile, msomaji, ila safari hii waliowekwa juu yake walikuwa Mayahudi.

Wala Mayahudi hawakuanza kuuawa siku moja. Walianza kuuawa kwa ulimi. Gazeti la Streicher liliwatukana miaka mingi. Mwaka 1935 sheria ikawavua uraia. Mwaka 1938 kikatolewa kitabu cha watoto kinachowafananisha na uyoga wa sumu. Mwaka 1940 ikatengenezwa filamu inayowaonyesha sambamba na panya. Mwaka 1941 wakalazimishwa kuvaa nyota ya manjano. Kule Auschwitz waliobakishwa kwa kazi walichanjwa namba mkononi, na gesi iliyotumiwa kuwaua wenzao ilikuwa dawa ya kuulia wadudu. Walikwisha kuitwa wadudu kabla ya dawa hiyo kuletwa. Waliouawa ni milioni 6.

Na asidhani mtu kuwa moto huo ulikuwa mbali nasi. Mahjub bin Adam, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akawa askari wa Wajerumani angali mdogo. Akahamia Ujerumani mwaka 1929, akafundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akaigiza hata katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1941 akakamatwa kwa tuhuma ya kuhusiana na mwanamke wa Kizungu, akatiwa kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwislamu wa pwani amekufa kwa sheria za rangi zile zile zilizotungwa juu ya Mayahudi.

Rwanda je? Mwaka 1994 Watutsi waliitwa mende redioni, na mahakama iliyokaa Arusha ikawahukumu waasisi wa redio na mhariri wa gazeti mwaka 2003 kwa uchochezi wa maneno.

Baada ya hayo, nenda ukasikilize baadhi ya mawaidha yetu. Utamsikia mwenye kilemba akiwaita Mayahudi wote manyani na nguruwe, na waumini wakiitikia. Hoja yake ni aya ya 65 ya Suratul Baqara. Lakini aya hiyo inawataja walioivunja Sabato, watu maalumu wa zama zao. Na katika Sahihi ya Muslim, kwa mapokezi ya Ibn Mas'ud, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya wanyama hao alieleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuwapa kizazi waliogeuzwa, na kwamba manyani na nguruwe walikuwapo kabla yao. Basi waadhi huyo amewatungia watu nasaba ambayo Mtume ameikanusha! Amesahau pia aya ya 113 ya Aali Imran, isemayo kuwa watu wa Kitabu si sawa wote, na aya ya 70 ya Suratul Israa, iliyowapa utukufu wana wa Adamu bila ya kubagua kabila. Na Bukhari na Muslim wote wamepokea kuwa Mtume alisimama ilipopita jeneza; akaambiwa ni ya Yahudi; akawauliza kama huyo naye si nafsi.

Najua nitakalojibiwa: na Palestina? Damu ya Gaza inaniuma kama inavyokuuma wewe, na dhulma lazima itajwe kwa jina lake na mwenye kuitenda atajwe kwa jina lake. Mwezi Oktoba 2023 waziri wa ulinzi wa Israeli aliwaita aliokuwa akipigana nao wanyama wenye sura ya watu, nasi tukaghadhibika, na tulikuwa na haki. Tulijua maneno yale yanafungua mlango gani. Sasa khatibu anayeyakemea maneno hayo Ijumaa hii, kisha Ijumaa ijayo akayatumia yeye juu ya kila Yahudi, hata kitoto kilichochomwa Auschwitz mwaka 1944, amsaidie nani katika Gaza? Mohammed Helmy, tabibu wa Kimisri, aliishi katika Berlin ile ile ya Mahjub, akamficha binti wa Kiyahudi mpaka vita vikamalizika. Hadithi yake haimo katika mawaidha niliyoyasikia.

Nyinyi walimu wa vyuo vya Iringa na Mbeya mko karibu na Kalenga kuliko sisi wa pwani. Mkiwapeleka watoto wakalitazame fuvu, waelezeni Lugalo, na waelezeni Usangu. Kisha wapeni na habari ya yale 1,999.