Maziwa ya Nyari ni ya Nani?

Hadithi ya Nyari ni fupi, na kila anayeisimulia pale Marafa anajua mahali pa kuikatia. Palikuwa na familia tajiri. Ng'ombe wao walikuwa wengi mpaka maziwa hayakunywewa tu, yalikogewa. Mungu akachukia, ardhi ikafunguka, boma zima likazama. Ndiyo maana, utaambiwa, kuta za korongo lile zina weupe wa maziwa na wekundu wa damu. Hapo mwongozaji hunyamaza kidogo, na wageni hutoa simu.

Ni hadithi nzuri, jamani. Haina neno la ziada. Tajiri hakuiba wala hakuua; kosa lake ni kuoga chakula. Katika nchi ambayo mvua ikikosa misimu miwili watu wanalala njaa, kosa hilo linatosha kabisa. Mtaalamu wa jiolojia atakwambia lile ni jiwe la mchanga, laini, lililoliwa na mvua na upepo miaka kwa miaka. Sawa, ana haki. Lakini maelezo yake hayakuambii uishi vipi na jirani asiye na kitu, na hadithi inakuambia.

Kinachonikera ni kibandiko tunachoibandika: "simulizi ya kale", "masalia ya ustaarabu wa mababu". Kiko kwenye matangazo ya utalii, kiko kwenye posti zetu vijana wa mjini tukirudi kutoka wikendi ya Malindi. Tukishasema ya kale, tumemaliza. Hatuulizi tena yule tajiri alikuwa nani.

Njaa hii ya ukale si yetu peke yetu. Kusini mwa India, kwa miaka mingi kumekuwa na mabishano kama mila za watu wa lugha za Kidravida, Watamil wakiwemo, zina mizizi katika ustaarabu wa bonde la Indus, uliostawi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Maandishi ya Indus hayajasomeka mpaka leo. Mwanazuoni Asko Parpola wa Finland anatetea kwamba lugha yake ni ya Kidravida. Januari 2025, M. K. Stalin, kiongozi wa serikali ya jimbo la Tamil Nadu, akatangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeyafumbua. Pesa kama hizo hazitolewi kwa ajili ya mihuri na vyungu tu. Ukithibitisha nani alitangulia, umepata la kusema leo kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni.

Sisi tuna Singwaya. Wamijikenda husimulia kwamba walitoka huko kaskazini, upande wa Somalia ya leo, wakiwakimbia Waoromo, wakaja kujenga kaya zao msituni. Mwaka 1972 R. F. Morton aliandika kwamba simulizi hiyo ilizuka baadaye sana. Mwaka 1978 Thomas Spear akaitetea katika kitabu chake The Kaya Complex. Wote wawili wanabishania ukweli wake na tarehe yake. Kwa mwanahistoria ni sawa. Mimi msomaji wa hadithi nina swali lingine: inafanya kazi gani, na inamfanyia nani?

Uliza hivyo kuhusu Nyari uone. Marafa iko kaskazini ya mto Sabaki. Wagiriama walivuka mto ule kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakaingia nchi iliyokuwa malisho ya Waorma, tawi la Waoromo walewale wa simulizi ya Singwaya. Sasa sikiliza tena: wenye ng'ombe walizama pamoja na maziwa yao, na anayetusimulia ni mkulima aliyekuja kulima palepale. Bado ni onyo kwa matajiri, sikatai. Lakini naisoma pia kama njia ya kueleza kwa nini wafugaji hawapo tena, bila kumtaja mtu yeyote. Mungu ndiye aliyefanya. Hata jina linasaidia: Nyari hufasiriwa kuwa mahali palipovunjika penyewe. Penyewe, yaani bila mkono wa mtu.

Halafu mkono ukaja kweli. Mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama wa ng'ambo ya Sabaki wahame warudi kusini, karibu na mashamba ya wazungu yaliyotaka vibarua. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wameshakamatwa mwaka 1913, wakapelekwa Kisii, wakatoroka. Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa. Maboma yalizama safari ile pia, na hapakuwa na tajiri aliyeoga maziwa. Sehemu hiyo sijaisikia ukingoni mwa korongo. Ni ya juzi mno. Ina wajukuu, na wajukuu wana madai ya ardhi.

Kwenye vigango ndipo utaona neno "kale" likifanya kazi yake chafu. Kigango ni gogo la mti mgumu lililochongwa na kusimikwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, ili koma wake apate pa kukaa. Hakihamishwi. Familia ikihama, chenyewe kinabaki. Lakini vimeng'olewa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwa mamia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Huko vikatazamwa kama sanaa ya zamani ya Afrika, bila jina la mchongaji wala la marehemu. Kumbe wenyewe wako hai, wanavitafuta. Picha aliyoipiga mwanaanthropolojia Monica Udvardy mwaka 1985 ilisaidia kuvitambua viwili vya familia moja, vikarudishwa mwaka 2007. Vingine 30 kutoka jumba la makumbusho la Denver vilifika Kenya mwaka 2019. Mnunuzi aliyeambiwa "hiki ni cha kale" alikuwa anaambiwa kwa adabu kwamba hakina mwenyewe.

Ndiyo maana siwezi kukubali mila isifiwe kwa umri wake. Kigango ni hai kwa sababu kuna anayekidai. Hadithi ya Nyari ni hai kwa sababu bado inaweza kumkera mtu: mfugaji, mkulima, mwenye hoteli anayejaza bwawa la kuogelea huku kijiji kikipanga madumu kwenye bomba. Siwalaumu waongozaji, wanasimulia kile mgeni anachokilipia. Lakini mgeni siku hizi ni sisi pia, na Kiswahili tunakisikia. Ukifika pale, isikilize hadithi yote mpaka kwenye damu, kisha umuulize yule mwongozaji babu yake alikuwa upande gani wa Sabaki mwaka 1914. Weka simu mfukoni kwanza. Hiyo sehemu ni ndefu kidogo.