Feni Zinazunguka, Kioo Cheusi

Kompyuta iliyokufa kabisa haimsumbui sana fundi. Hakuna taa wala feni, maana yake umeme haufiki, naye ataufuata waya kwa waya mpaka aone ulipokatikia. Inayotoa watu jasho ni ile mpya, iliyofungwa na mwenyewe geto usiku kucha, ambayo ukibonyeza swichi inajifanya nzima: feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka mpaka zinakera macho, lakini monita inaandika kwamba haipati mawimbi, kisha inalala. Mwenye mali hufika kwa fundi akiwa ameshakata shauri. "Kaka, nimeuziwa kadi mbovu."

Morogoro Mjini kesi hizi hazikosekani. Mji kasoro bahari una vyuo, SUA pale chini ya milima ya Uluguru na Mzumbe nje kidogo ya mji, na wanafunzi wanataka mashine zenye nguvu za kuchorea ramani, kuhariri video na, tuseme ukweli, kuchezea gemu. Bei ya mashine kamili ya dukani haishikiki, kwa hiyo kijana ananunua kipande kimoja kimoja kila bumu linapoingia. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, mtu anakwenda Kariakoo asubuhi na jioni amesharudi na prosesa begani. Kuvifunga vipande anajifunza kwenye video. Video hizo, kwa bahati mbaya, huishia pale mashine inapowaka.

Jirani na Soko la Chifu Kingalu kuna fundi ambaye nikipata nafasi huwa napita kibarazani kwake kumtazama tu akifanya kazi. Meza yake haina mengi: bisibisi za nyota, mita, brashi ya kupangusia vumbi, na boksi tupu ambalo mgeni angedhani limesahauliwa hapo. Ninachokipenda ni kwamba mteja akishatua kasha mezani, yeye haligusi. Anauliza.

"Ilishawahi kuleta picha, hata mara moja?"

"Hapana kaka. Tangu nimeifunga."

"Waya wa monita umechomeka wapi?"

Swali la kwanza linaonekana la kawaida, kumbe ndilo linalopunguza kazi. Mashine iliyokuwa ikifanya kazi ikagoma mara nyingi ina kitu kilichoharibika. Ambayo haijawahi kufanya kazi yawezekana haina kitu kibovu hata kimoja. Kosa likawa kwenye ufungaji, na ufungaji mbaya hausomeki kwenye mita. Swali la pili huwarudisha wengine nyumbani bila kulipa hata senti. Nyuma ya kasha kuna matundu ya HDMI sehemu mbili, juu kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, na chini yake kwenye kadi ya grafiki, na prosesa nyingi hazina grafiki ndani yake. Ryzen 5 5600 haina, na kwa Intel herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-12400F, maana yake ni hiyo hiyo. Ukichomeka kwenye tundu la mazabodi, utakesha.

Kijana wa Mafiga ninayemkumbuka alikuwa na hiyo 5600, na waya aliuchomeka palepale panapotakiwa. Ila mazabodi yake ilikuwa ya B450, aina iliyoingia sokoni 2018, wakati prosesa ni ya 2022. Fundi akataka kuliona boksi lake. Stika ilikuwepo, ikisema kwamba iko tayari kwa Ryzen za 5000. Isingekuwepo, safari ingekuwa nyingine, kwa sababu bayosi ya zamani, ile programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, haiitambui prosesa iliyotoka baada yake, na feni zitazunguka hivyo hivyo mpaka kesho.

Ndipo akafungua ubavu wa kasha. Macho yalikwenda kona ya juu kushoto, kwenye waya wa pini nane unaoilisha prosesa peke yake. Mazabodi hula umeme sehemu mbili. Ule waya mpana wa pini 24 unatosha kuzungusha feni na kuwasha taa zote, kwa hiyo aliyesahau huu mdogo hana cha kumshtua. Haukusahaulika. Fundi aliusukuma kwa dole gumba hata hivyo, akasikiliza ule mlio mdogo wa kujifunga, akafanya hivyo hivyo kwa waya wa kadi. RAM mbili zilikaa mfereji wa pili na wa nne kutoka kwenye prosesa, kama ipasavyo. Akazichomoa, akazirudisha, mpaka ndoano za pembeni zikafunga zenyewe.

Kioo cheusi.

Hapa ndipo mafundi wengi huanza kuazima: RAM ya mashine ile, kadi ya mashine hii, pawa saplai ya jirani, mpaka kitu kiwake. Mara nyingine kinawaka kweli, ila hakuna anayejua kwa nini, na kama kuna shoti mahali, umeshaunguza na kizima cha mwenzako. Mimi huwaita hao wacheza bahati nasibu. Huyu wetu habadilishi vitu viwili kwa mpigo. Anagusa kimoja, anawasha, anatazama, anazima, anachomoa umeme ukutani, ndipo anagusa kingine. Na akishawasha anasubiri kuliko unavyoweza kuvumilia. Mashine mpya za DDR5, anasema, zinaweza kukaa dakika kadhaa na kioo cheusi siku ya kwanza zikijipima na RAM zake. Mwenye haraka anazizima kila baada ya nusu dakika, halafu anakuja kushitaki kwamba hazileti picha.

Kisha akafanya jambo ambalo nisingechoka kulitazama. Alichukua kispika kidogo kuliko kifuniko cha soda, akakichomeka kwenye pini za pembeni ya mazabodi. Akatoa RAM zote. Akatoa na kadi ya grafiki. Akawasha. Yaani aliinyima mashine vitu isivyoweza kuishi bila kuwa navyo, makusudi kabisa, ili ilalamike.

Kompyuta ikipata umeme, kazi yake ya kwanza ni kujikagua yenyewe, na kabla picha haijapatikana haina njia ya kusema ila sauti na vitaa. Desturi hiyo ilikuwepo tangu kompyuta ya IBM ya Agosti 1981: mlio mmoja mfupi, mambo safi, mrefu mmoja na mifupi miwili, tatizo liko kwenye picha. Siku hizi kila kampuni ina milio yake, na mazabodi nyingi huuzwa bila kispika, ubahili ambao sijauelewa. Ila manung'uniko ya kukosa RAM yapo karibu kwenye zote. Na mashine inayolilia RAM ni mashine yenye prosesa hai na bayosi inayosomeka. Mlio mmoja unawaachia huru washitakiwa wawili.

Fundi hakuupata ujuzi huu chuoni. Alikaa chini ya fundi redio wa zamani, wa kizazi kilichojifunza kazi katika nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ambayo upande wa Bara haukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Redio ilikuwa ndiyo darasa. Fundi redio huanzia kwenye spika na kurudi nyuma hatua kwa hatua, akisikiliza sauti inapopotelea. Ukijua hivyo, kile kispika hakikushangazi tena.

Mashine ya kijana haikulia.

"Ina maana prosesa imeungua?"

"Hatujafika huko, dogo."

Akapima waya wa njano. Volti 12 zinaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, ilisoma 12.1. Pawa saplai ikatoka kwenye orodha. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaitoa mazabodi nzima na prosesa yake ikiwa mgongoni, akailaza juu ya lile boksi tupu. Kazi yake ndiyo hiyo: halipitishi umeme. Nyaya mbili za umeme, kispika, basi. Swichi ilibaki kwenye kasha, kwa hiyo alizigusanisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi.

Tiii. Tiii. Tiii.

Kijana alicheka kwa sauti. Fundi akaweka RAM moja; mlio ukabadilika, sasa inalilia picha. Akaweka kadi, mlio mmoja mfupi, na maandishi ya bayosi yakatokea kwenye monita kana kwamba hayakuwahi kugoma. Kila kitu kizima, mezani. Kilichobaki bila kuhojiwa kilikuwa kasha.

Alimulika ndani kwa tochi ya simu. Mazabodi hukalia vijinguzo vya shaba ili mgongo wake usiguse bati. Kasha lilikuja na vijinguzo vilivyopangwa kwa mazabodi kubwa, na ya kijana ilikuwa fupi. Kimoja kilisimama mahali ambapo haina tundu. Aligeuza mazabodi, akatuonyesha: kati ya vitone vya risasi, viwili vilikuwa vimebonyea na kung'aa kuliko wenzao. Hapo ndipo shaba ilikuwa ikisukuma na kupiga shoti kwenye bati. Hakuna video niliyoiona inayokitaja kijinguzo hicho kwa zaidi ya sekunde chache. Alikifungua kwa koleo, akampa mwenyewe akiweke.

Akafunga upya kwa mpangilio uleule wa pale mezani, akiwasha kila baada ya hatua. Saa ilikuwa imeenda. Kijana, picha ilipotulia, akataka papo hapo apandishe RAM kutoka 2133 iliyojiwekea hadi 3200 iliyoandikwa juu yake, maana spidi hiyo haiji yenyewe. Unaiwasha ndani ya bayosi.

"Leo nenda nayo hivyo hivyo," fundi alimwambia. "Itumie siku mbili tatu, uone kama imetulia. Ukiipandisha leo ikigoma, hatutajua ni spidi au ni kitu nilichokiacha mimi."

"Nikiipandisha baadaye, ikileta kioo cheusi tena?"

Fundi akamwonyesha betri bapa ya volti 3, CR2032, chini ya kadi. Zima, chomoa umeme ukutani, toa hiyo, ngoja dakika tano, rudisha. Bayosi inasahau ulichoibadilishia na kurudi kwenye 2133. Akamfanya aitoe na kuirudisha mwenyewe, mbele yake, kabla hajafunga ubavu.