Anayefasiri Umeme

Katika hospitali ya Lemera, huko Kongo, juu ya bonde la Ruzizi, neno la Kifaransa "tension" lina wenyewe wawili. Muuguzi akilitaja, mgonjwa ananyoosha mkono apimwe presha. Fundi umeme akilitaja, anawaza volti zinazofika kwenye taa za chumba cha upasuaji. Hawachanganyani, maana kila mmoja anaona mwenzake ameshika chombo gani. Lakini karatasi haina mkono wa kuonyesha chombo. Ikitakiwa iandikwe kwa Kiingereza, ndipo anapohitajika mtu ninayemsifu hapa: mfasiri wa maneno ya umeme.

Sisi wa ukanda huu tunamhitaji sana. Maji ya Ruzizi, yakitoka Ziwa Kivu kuja Tanganyika, yanazungusha mitambo ya Ruzizi ya Pili chini ya SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi. Nchi zote tatu zilitawaliwa na Wabelgiji, zikarithi Kifaransa cha ofisini na cha karakana. Mwaka 2008 Rwanda ikaamua kufundishia kwa Kiingereza, na mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Leo fundi wa Uvira, upande wa Kongo, na mhandisi kijana wa Kigali wanaweza kusimama mbele ya kabati moja la umeme, kila mmoja na lugha aliyosomea.

Ndani ya kabati hilo mna "disjoncteur" na "sectionneur". Vyote viwili hukata njia ya umeme, na mfasiri mwenye haraka ataviita vyote "switch". Hapo ameshaweka mtu hatarini. Disjoncteur imeundwa kukata umeme ungali unapita, hata ule mkali wa shoti, na kuuzima moto wake humo humo ndani. Sectionneur haina uwezo huo. Kazi yake ni kuacha mwanya, ili anayekwenda kushika nyaya awe na hakika kuwa zimetengwa. Kwa hiyo disjoncteur hutangulia, sectionneur hufuata. Ukiifungua sectionneur umeme bado unapita, moto wa umeme unaruka kati ya visu vyake na unaweza kumuunguza aliyeshika mpini. Mfasiri anayeijua kazi huandika "circuit breaker" kwa cha kwanza na "disconnector" kwa cha pili, na huijua kwa sababu alikwenda kwa fundi, akaomba kabati lifunguliwe, akauliza kipi kinatangulia. Ninamheshimu kwa swali hilo kuliko kwa ufasaha wake wote.

Anajua pia pa kutogusa. Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme, iliyoundwa mwaka 1906, ilitoa msamiati wake wa kwanza mwaka 1938, Kifaransa na Kiingereza pamoja, na Kifaransa kimeacha alama zake ndani ya Kiingereza chenyewe. Mhandisi wa London anaandika I kwa mkondo wa umeme: hiyo ni "intensité" ya Ampère, mwanafizikia Mfaransa. Katika mifumo ya kuunganisha umeme na ardhi iitwayo TT, TN na IT, herufi T ni "terre", yaani ardhi. Mfumo wa IT ndio unaotakiwa katika vyumba vya upasuaji, kwa sababu hitilafu ya kwanza ya waya kugusa ardhi haizimi umeme wakati mgonjwa yuko mezani. King'ora hulia, daktari akaendelea. Mfasiri anayegeuza T hiyo kuwa E, eti Waingereza husema "earth", ameharibu alama inayosomwa dunia nzima.

Kazi hii haina jina kwenye jalada, na ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Walimu wa shule za ufundi za Uvira, msiwaachie wafasiri peke yao. Kila chombo mnachokifungua darasani, wanafunzi wakiandike kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili wanachokisema wenyewe, pamoja na kazi kinayoifanya na kazi kisiyoweza kuifanya. Anzeni na sectionneur.