Kulisoma Tamko la Dodoma Tukiwa Feri

Oktoba 2009 Kanisa la Sweden liliamua kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja. Januari 2010 maaskofu wa KKKT wakajibu kwa Tamko la Dodoma. Washarika wengi hulitaja tamko hilo, waliolisoma ni wachache. Nililisoma tena majuzi nje ya Azania Front, nikisubiri ibada ya pili.

Juu ya ndoa yenyewe halibabaiki: ni ya mume na mke. Nami naamini hivyo. Lakini likifika kwa wanaofikiri tofauti, sauti inabadilika. Anayeunga mkono ndoa hizo asialikwe kufanya kazi kwetu, na fedha zake tusipokee. Sehemu ya fedha naiheshimu. Wapo wanaokemea mafundisho ya mfadhili huku mkono umeshika hundi yake. Kinachonikwaza ni kwamba aliyesoma Maandiko yaleyale akafika kwingine hachukuliwi tena kuwa mtu wa kujadiliana naye.

Wazee wetu waliwahi kufanya vingine, tena katika jiji hilihili. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi Afrika Kusini si suala la maoni ya kisiasa tu, linagusa imani yenyewe. Hata baada ya tamko zito namna hiyo, makanisa ya wazungu ya kusini mwa Afrika yaliyosita kuukataa ubaguzi hayakutolewa siku ile. Uanachama wa makanisa mawili ulisimamishwa mwaka 1984, kule Budapest. Miaka saba! Kati ya uamuzi wa Sweden na jibu la Dodoma haikufika hata miezi mitatu. Utaniambia maaskofu walikwisha kusema mapema, katika Tamko la Bukoba la 2004. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Bado naona haraka.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni la sisi wasomaji. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa wakati ule, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza kwamba yale ni maoni yake, si msimamo wa Serikali. Katika jumuiya yetu ndugu mmoja alikwisha kusimama, akadai kwamba kupeleka majina ndiko kulitii Tamko la Dodoma. Tamko linazungumzia ndoa na uhusiano wa makanisa. Jina la jirani likifika polisi linakutana na sheria ambayo adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Huwezi kuruka kutoka jambo la kwanza hadi la pili kwa kutaja Dodoma tu.

Mama mmoja mkaanga samaki wa Feri, ambaye kwa kawaida hasemi sana, alimgeukia.

“Baba, huyo unayemjua, ulishamwendea mwenyewe, wewe na yeye peke yenu, kama Mathayo 18 inavyotuagiza?”

Ndugu yetu akainama kutafuta kitabu chake cha nyimbo. Tulifunga kwa sala, na wa Kigamboni wakawahi pantoni.